Daftari la Mgonjwa: Fungu Moja la Historia ya Muheza

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Maneno hayo yalitoka vinywani mwa watu wa biashara, waliojua hasara ya deni lisiloandikwa na ya mzigo uliopokewa bila hesabu. Mfanya biashara wa Tanga au Pangani hakuhitaji mgeni wa kumfundisha kuwa kumbukumbu ya kichwa ni dhaifu. Lakini iko mali iliyo kubwa kuliko nazi na pembe, nayo ni uzima wa mwili. Daftari la mali hiyo huwekwa hospitalini. Mwenye mali aghalabu halioni, pengine hawezi kulisoma, na siku anapolihitaji zaidi huwa hana nguvu ya kuuliza kilichoandikwa ndani yake.

Insha hii inakusudia kulitazama daftari hilo katika mahali pamoja, yaani Muheza, mji mdogo ulio kati ya bahari ya Tanga na milima ya Usambara. Mahali hapa panafaa kwa sababu katika eneo dogo zilikutana aina mbili za uandishi wa habari za wagonjwa: uandishi wa haraka wa chumba cha matibabu, wenye foleni mlangoni, na uandishi wa polepole wa watafiti wa malaria, wenye darubini mezani. Historia ya aina hizo mbili inathibitisha jambo moja. Daftari laweza kuwa limejaa, lina mistari iliyonyoka na mwandiko wa kupendeza, na bado likawa la uongo, ikiwa mwandishi wake ameandika alichodhani mahali pa alichokiona.

Wazo hilo ni la kale. Abu Bakr Muhammad ibn Zakariya al-Razi, tabibu wa Rayy na Baghdad aliyefariki yapata mwaka 925, alikuwa na desturi ya kukusanya habari za maradhi katika karatasi zake. Alinakili kwanza maneno ya waganga waliomtangulia, kisha akaongeza aliyoyaona mwenyewe, akiyatanguliza kwa neno la Kiarabu lenye maana ya “langu”. Wanafunzi wake walizikusanya karatasi hizo baada ya kufa kwake, zikawa kitabu kikubwa kinachojulikana kwa jina la al-Hawi. Neno lile moja dogo lilikuwa ukuta kati ya kusikia na kuona. Karne nyingi baadaye, katika toleo la mwaka 1863 la kitabu chake juu ya hospitali, Florence Nightingale wa Uingereza alilalamika kwamba alitafuta kila mahali kumbukumbu za hospitali zinazofaa kulinganishwa, asizipate ila kwa shida. Al-Razi alifundisha kutenga. Nightingale alidai kulinganisha. Mambo hayo mawili ni msingi wa kila daftari la mgonjwa, na ugumu wake unaonekana vizuri zaidi tukishuka katika nchi ya Bonde.

Misheni ya Kianglikana iliyoitwa U.M.C.A. ilifika Magila, karibu na Muheza, katika miaka ya 1860, na kazi ya utabibu iliyoanzwa na misheni hiyo ndiyo mzizi wa hospitali iliyojulikana Muheza kwa miaka mingi kwa jina la Hospitali Teule. Reli iliyoanzwa kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893 ilipita Muheza kuelekea bara. Mwaka huo huo wa 1893, Mjerumani Richard Hindorf aliingiza nchini miche ya mkonge kutoka Florida, ambayo ni 62 tu iliyofika ikiwa hai. Kutoka katika miche hiyo yalizaliwa mashamba yaliyoenea katika nchi ya Tanga, na mashamba yaliita watu. Wanyamwezi, Waha, Wamakonde, Wabena na Warundi walikuja kukata mkonge, wakaitwa manamba, jina lililotokana na neno namba. Mtu alitambulikana kwa kipande chake, ambacho kilikuwa na nafasi za siku 30 za kazi.

Msomaji afikiri sasa juu ya mwandishi wa hospitali katika mahali kama hapo. Anayesimama mbele yake huenda akawa na jina alilopewa na babu yake, jina la dini alilolipata baadaye, na jina ambalo wenziwe humwitia shambani. Mama aliyeleta mtoto hujulikana mtaani kwa jina la mwanawe wa kwanza. Ukimwuliza jina lake atasema Mama Fulani, na mwezi ujao, akiulizwa na mwandishi mwingine, atataja jina lake na la baba yake. Katika daftari wanawake hao ni wawili. Kinyume chake, katika wodi moja wanaweza kulala watoto wawili wenye jina moja na jina moja la baba, kwa sababu majina yetu ya pwani si mengi na hurithiwa kutoka kwa mababu. Katika daftari watoto hao ni mmoja. Kosa la kwanza hupoteza historia ya ugonjwa. Kosa la pili huweza kumpa mtoto dawa ya mwenzake.

Umri nao una shida yake. Wazee waliozaliwa kabla ya vyeti kuenea walihesabu maisha yao kwa matukio: mmoja alikuwa mchunga mbuzi wakati wa vita vya Tanga vya Novemba 1914, mwingine alizaliwa mwaka wa njaa fulani. Mwandishi mwenye subira angeweza kuupata umri kwa kuuliza maswali mawili au matatu. Mwandishi mwenye haraka aliutazama uso wa mtu akaandika 40, au 50, au 60. Ndiyo maana kila anayesoma madaftari ya kale ya nchi nyingi hukuta watu wengi mno wenye umri unaoishia kwa sifuri, kana kwamba binadamu huugua kila baada ya miaka kumi.

Hata saa imekuwa mtego. Mswahili huhesabu saa tangu kuchwa na kucha kwa jua, hivyo saa 2 ya usiku kwetu ni saa 20 katika hesabu ya hospitali. Zaidi ya hayo, kwa wazee wa pwani siku huanza magharibi. Usiku wa Ijumaa kwao ni usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa, ambao mtu aliyezoea kalenda ya ofisini huuita usiku wa Alhamisi. Bibi akisema kwamba mjukuu wake alianza kuchemka usiku wa Ijumaa, na mwandishi akaandika bila kuuliza, homa imepunguziwa siku nzima. Hakuna aliyesema uongo. Bibi alisema kweli, mwandishi aliandika alichosikia, na daftari limekosea. Hapo tunajifunza kuwa usahihi hautoki katika uaminifu peke yake. Hutaka pia ujuzi wa lugha na desturi za anayeandikwa.

Aina ya pili ya uandishi ililetwa Muheza mwaka 1949, ilipoanzishwa Idara ya Malaria ya Afrika ya Mashariki chini ya Dakta Bagster Wilson. Baada ya muda mfupi kazi hiyo ilihamia Amani, katika milima ya Usambara ya Mashariki, mahali ambapo Wajerumani walikuwa wameanzisha chuo cha utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902. Baada ya Jumuiya ya Afrika ya Mashariki kuvunjika mwaka 1977, na sheria ya mwaka 1979 kuunda Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kituo cha Amani kikawa sehemu ya taasisi hiyo.

Desturi ya watafiti wa malaria ilikuwa tofauti na ya chumba cha matibabu. Tone la damu lilipowekwa juu ya kioo, kioo kilipewa namba, na namba hiyo hiyo ikaandikwa katika daftari mbele ya jina, kijiji na umri. Aliyetazama darubini aliandika alichokiona: vimelea vipo, au havipo, na kama vipo ni vingi kiasi gani. Kioo kingeweza kuhifadhiwa na kutazamwa tena na jicho la pili. Kwa njia hii ilifanyika kazi kubwa ya Pare na Taveta, ambako nyumba zilinyunyizwa dawa ya kuua mbu katika miaka ya 1955 hadi 1959, na vizazi na vifo vikaandikwa kijiji kwa kijiji, hata baada ya kunyunyiza kukoma. Vifo vya watoto wachanga vilipungua sana. Jambo hilo halikujulikana kwa hekima ya mtu mmoja, bali kwa sababu kila mtoto aliyezaliwa na kila aliyezikwa alikuwa na mstari wake.

Yasikitisha kwamba desturi hiyo ya mlimani haikushuka upesi katika vyumba vya matibabu vya nchi. Huko mambo yalitawaliwa na neno moja. Katika Kiswahili, homa ni joto la mwili, na pia ni jina la ugonjwa. Mtu husema ana homa, na maana yake ikawa ana malaria. Mganga aliyekuwa na wagonjwa mia mlangoni, na darubini moja au hana kabisa, alisikia homa akaandika malaria. Hatuna haki ya kumlaumu kwa ukali, kwa kuwa miongozo ya miaka hiyo iliruhusu mtoto mwenye homa katika nchi ya mbu atibiwe malaria bila kupimwa. Dawa ilikuwa rahisi, ugonjwa ulikuwa mwingi, na kuchelewa kulikuwa hatari. Lakini neno lililoandikwa kwa tahadhari liligeuka kuwa ushuhuda. Mwisho wa mwezi mistari ilihesabiwa, jumla ikapelekwa wilayani, kisha mkoani, kisha wizarani, na dhana za waganga elfu zikawa takwimu ya taifa.

Kipimo cha dhana hiyo kilikuja mwaka 2004, ilipotangazwa kazi ya Hugh Reyburn na wenzake iliyofanywa katika hospitali 10 za kaskazini mashariki ya Tanzania. Wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa kama wenye malaria kali walipimwa damu kwa uangalifu. Waliokutwa na vimelea vya malaria walikuwa 2,062, yaani asilimia 46.1. Waliobaki, zaidi ya nusu, hawakuwa navyo. Habari ya vifo ni nzito zaidi. Kati ya wenye vimelea walikufa asilimia 6.9, kati ya wasio na vimelea walikufa asilimia 12.1. Watu hawa wa pili walikuwa na maradhi mengine, na si wote waliopewa dawa ya maradhi hayo. Neno malaria lilipokwisha kuandikwa katika karatasi ya mgonjwa, lilifunga mlango wa swali. Muuguzi wa zamu ya usiku alilisoma, mganga wa asubuhi alilisoma, nao wakaendelea na dawa iliyokwisha anzwa, kwa maana ni nani atakayeuliza kilichokwisha kujibiwa?

Muheza yenyewe ilionyesha yale yaliyokuwa nyuma ya mlango huo. Uchunguzi uliofanywa katika Hospitali Teule na kutangazwa mwaka 2010 ulihusu watoto 3,639 waliolazwa. Mbali na kutazamwa vimelea vya malaria, damu yao ilioteshwa maabara ili kutafuta bakteria, na watoto 341 walikutwa na maambukizo makali ya bakteria. Hao ni watoto ambao kwa desturi ya kale wengi wao wangeandikwa kwa neno lile lile moja, na kuzikwa kwa neno lile lile.

Basi daftari baya huua. Je, daftari jema laweza kuponya? Katika miaka hiyo hiyo Hospitali Teule ilishiriki katika kazi mbili zinazotoa jibu. Ya kwanza ililinganisha kwinini, dawa iliyoheshimiwa kwa vizazi, na dawa mpya ya artesuneti, kwa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika. Matokeo yalitangazwa mwaka 2010: kati ya waliopewa kwinini walikufa asilimia 10.9, na kati ya waliopewa artesuneti asilimia 8.5. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilishauri artesuneti itumike kwa watoto. Tofauti ya vifo viwili au vitatu katika kila watoto mia haionekani kwa macho ya mganga mmoja, hata awe hodari namna gani. Huonekana katika daftari tu.

Kazi ya pili ilikuwa ya ajabu zaidi. Hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania, Muheza ikiwa miongoni mwake, zilitaka kujua faida ya kumpa mtoto mwenye homa kali na damu isiyozunguka vema maji mengi ya mshipani kwa haraka. Wengi waliamini kuwa tendo hilo ni la uokozi, na lilifundishwa hivyo katika vyuo vikubwa. Watoto 3,141 walikuwa wamekwisha kuingizwa, kati ya 3,600 waliokusudiwa, wakati kamati iliyosimamia usalama wa watoto hao iliposhauri kazi isimamishwe, Januari 2011. Katika saa 48 za kwanza walikufa asilimia 10.6 ya waliopewa maji yenye albumini, asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi, na asilimia 7.3 ya wale ambao hawakupewa maji kwa haraka. Dawa iliyodhaniwa kuokoa ilikuwa ikidhuru.

Tuangalie kipimo chenyewe: saa 48. Ili hesabu hiyo isimame, ilipasa kujulikana kwa hakika ni mtoto gani, alipewa nini, saa ngapi, na kama alikufa, alikufa saa ngapi. Jina lililochanganywa, saa 2 ya usiku iliyodhaniwa kuwa saa 2 nyingine, maji yaliyoandikwa kabla ya kutolewa kwa sababu muuguzi alikusudia kuyatoa: makosa madogo kama hayo, yakikusanyika, yangefuta tofauti yote, na dunia ingeendelea kuamini. Wauguzi na waganga walioandika mistari hiyo usiku, katika wodi zilizojaa, waliisahihisha elimu ya tiba ya dunia nzima.

Mtu aweza kusema kwamba utafiti una fedha na watu, na kwamba chumba cha kawaida cha matibabu hakina. Neno hili ni la haki. Tangu miaka ya 1990 Tanzania imekuwa na mfumo wa madaftari unaoitwa MTUHA, na kila anayeujua anajua uzito wake. Muuguzi huyo huyo humpima mtoto, humwandika katika rejista, humwandika katika kadi ya kliniki, huweka alama katika karatasi ya kuhesabia, na mwisho wa mwezi hujumlisha. Akichoka, jumla hulinganishwa na mwezi uliopita badala ya kulinganishwa na mistari. Wakubwa wanaodai taarifa ifike kwa tarehe, lakini hawaulizi ilivyopatikana, huwafundisha watumishi wao kuwa ukamilifu ni bora kuliko ukweli. Anayetaka daftari la kweli hana budi kumpa mwandishi wake muda, mwanga, na ruhusa ya kuandika kwamba jambo fulani halikupimwa. Nafasi iliyoachwa wazi kwa uaminifu yamfaa mgonjwa kuliko neno lililojazwa kwa aibu.

Kanuni za mkono wa mwandishi ni chache na zafahamika. Aandike wakati ule ule wa tendo, kwa kuwa kumbukumbu ya jioni hupendelea yaliyotarajiwa. Aanze na maneno ya mgonjwa mwenyewe, hata akisema degedege au mchango, kisha yafuate yaliyoonwa, na mwisho yanayodhaniwa, kila moja mahali pake. Akikosea, apige mstari mmoja juu ya kosa ili libaki kusomeka, aandike lililo sahihi kando, atie tarehe na jina lake. Daftari lisilo na kosa lililosahihishwa si daima daftari la kuaminiwa. Kompyuta, ambazo zimeingia katika hospitali nyingi, hazikubadili kanuni hizo. Kompyuta hupokea dhana kwa adabu ile ile inayopokea ukweli, na huipeleka mbali upesi zaidi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imempa mwananchi haki ya kutaka habari zake zisizo sahihi zirekebishwe. Kwa haki hiyo, mwenye mali amepewa ruhusa ya kulitazama daftari.

Yabaki neno kwa mwanafunzi wa historia. Atakayesoma takwimu za afya za nchi yetu ataona malaria ikipungua katika miaka ya karibuni. Asiharakishe kufurahi wala kukana. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza, na vipimo vya haraka vikaenea. Kwa hiyo sehemu ya upungufu huo ni kufa kwa dhana, si kufa kwa vimelea. Lakini hapo Muheza, ambako watoto waliolazwa kati ya 2006 na 2010 walipimwa kwa namna moja, malaria kali ilionekana kupungua kweli, na pamoja nayo yakapungua maambukizo ya bakteria katika damu. Habari ya kwanza inatutaka tuulize neno lilipatikanaje. Habari ya pili tunaweza kuisadiki, kwa sababu jibu la swali hilo limeandikwa pamoja nayo.

Madaftari ya hospitali zetu za wilaya yamo katika hifadhi ya ukumbusho wa watu ambao hawakuandikwa mahali pengine popote. Mkata mkonge aliyetoka mbali, mama aliyeitwa kwa jina la mwanawe, mtoto aliyeishi siku tatu: wengi wao hawakuacha barua wala kaburi lenye maandishi. Waliacha mstari mmoja katika ukurasa wenye madoa ya dawa. Mwenye kuandika mstari huo leo, awe Muheza au kwingineko, anamwandikia mganga wa kesho asubuhi, na bila kujua anamwandikia pia mtu atakayekuja kuuliza, baada ya miaka hamsini, jinsi watu wetu walivyougua na jinsi walivyopona.